Waya mweusi darini unawasha testa, mwekundu kimya. Nifuate rangi zipi kwenye vyumba vya uani?

#1 MkaziBuswelu (mleta mada)
Mwangaluka wakuu. Nyumba yangu iko Buswelu, niliinunua kwa mtu ikiwa imeshakaliwa, na wayaringi yake ni ya zile rangi za zamani: nyekundu, nyeusi na kijani. Sasa namalizia vyumba viwili vya uani, nataka kuvuta taa na soketi. Dukani Makoroboi nimepewa roli za kahawia, bluu na ile kijani yenye mstari wa njano, wakaniambia nyekundu na nyeusi siku hizi ni za kubahatisha.

Nikapanda darini kufungua boksi la maungio lililo juu ya korido. Ndani kuna nyekundu mbili, nyeusi tatu, kijani moja, na waya wa bluu ambao sielewi umetokea wapi. Nikagusa na bisibisi ya testa: nyeusi mbili zinawaka, nyekundu zote kimya. Mimi nilifundishwa nyekundu ndiyo moto. Sasa hapa nani kavuruga, na kahawia yangu niiungie kwa nani, nyekundu au nyeusi? Na nikishamaliza, nyaya niziwekee alama gani ili atakayekuja baada yangu asiumize kichwa?

#2 Kizibo
Kwanza ushukuru Mungu unaandika uzi. Mtu anachokonoa boksi lina moto, kakaa juu ya mbao za dari, mkononi ana bisibisi ya buku!

#3 FundiWaIgoma
Mkuu, hilo wala si ajabu. Mafundi wa zamani walikuwa wanashusha kwenye swichi kebo ya nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Nyekundu inapeleka fezi (yaani moto) kwenye swichi, nyeusi inairudisha juu kwenye balbu. Kwa hiyo ile nyeusi ya kurudi si nyutro (waya usio na moto unaofunga mzunguko), ni fezi iliyopita kwenye swichi, na taa ikiwashwa lazima testa iwake. Utaratibu ulikuwa uizungushie tepu nyekundu pande zote mbili ili ajulikane ni nani. Wengi hawakufanya. Taa ya korido ilikuwa imewashwa ulipopima?

#4 SatoWaKukaanga
Mnatafuta sayansi bure. Roli nyekundu ilimwishia fundi, saa ya kula imefika, akamalizia na nyeusi. Bluu nayo ni mabaki ya kazi ya mtu mwingine. Nimeishi na mafundi, nawajua.

#5 MkaziBuswelu
#3, taa ya korido ilikuwa imezimwa. Na nyeusi zinazowaka ni mbili, si moja.

#6 FundiWaIgoma
Imezimwa na bado inawaka? Basi wasiwasi wangu ni mwingine. Inawezekana fezi na nyutro zimegeuzwa, na swichi inakata nyutro badala ya fezi. Taa itazimika vizuri tu kama kawaida, ila moto unakuwa bado umesimama kwenye holda, na unapita kwenye balbu hadi mlangoni pa swichi. Mtu anabadilisha balbu, anaamini kazima, kumbe kashika chuma chenye volti 230. Usiguse holda ya hiyo korido bila kushusha mein swichi.

#7 MstaafuCapripoint
Salaam. Niongeze jambo la rangi maana naona vijana mnazichanganya.

Nyekundu fezi, nyeusi nyutro ni urithi wa Waingereza. Wao wenyewe wameshaziacha: nyaya za vifaa (pasi, birika, redio) zilianza kuwa kahawia na bluu tangu karibu mwaka 1970, na za ndani ya kuta zikafuata kuanzia 2004, hadi ikawa lazima 2006. Hiyo kahawia na bluu uliyouziwa ndiyo ya kimataifa.

Ubaya haupo kwenye fezi moja. Upo kwenye fezi tatu, umeme wa mashine. Za zamani zilikuwa nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Mpya ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Tazama vizuri: bluu iliyokuwa fezi sasa ni nyutro, na nyeusi iliyokuwa nyutro sasa ni fezi. Rangi mbili zilezile zimebadilishana kazi. Ndiyo maana kule kwao walitaka nyumba yenye rangi za enzi mbili ibandikwe onyo kwenye bodi ya breka.

Kwa hiyo fundi aliyejifunza karibuni akiona nyeusi, kwake ni fezi halali kabisa. Huenda nyumba yako ilifanyiwa marekebisho na mtu wa aina hiyo, na bluu yako ndiyo nyutro aliyoileta yeye.

#8 MashineKisesa
Nakazia #7 kwa ushahidi. Pale kwenye mashine yetu ya kusaga aliitwa kijana aunge chumba cha mlinzi. Kwenye paneli akakuta bluu, akasema hii ndiyo nyutro, akaipeleka chumbani pamoja na nyekundu. Paneli ile ni ya zamani, bluu ni fezi ya tatu. Chumba kikapata fezi kwa fezi, volti 400. Balbu iliwaka kama jua kwa nukta moja ikapasuka, chaja ya simu ikatoa moshi, na redio ya mlinzi haikusema tena neno. Kijana anashangaa, "lakini nimefuata rangi!"

#9 Ng'wanaMabatini
Sasa ongeza mashine zinazotoka China. Huko fezi tatu ni njano, kijani na nyekundu. Kijani kavu, bila mstari, kule ni fezi! Wewe unaona kijani unasema hii ya ardhi, unaifunga kwenye bodi ya mota...

#10 BodaPasiansi
Kwenye pikipiki kijani ndiyo hasi. Zote.

#11 GerejiNyegezi
#10 si zote mkuu. Kijani kuwa hasi ni Honda, na za Kichina zilizoiga Honda. Yamaha hasi ni nyeusi. Suzuki ni nyeusi yenye mstari mweupe, Kawasaki nyeusi yenye mstari wa njano. Na kwenye Honda, nyeusi ni chanya inayotoka kwenye swichi ya ufunguo. Mtu wa Yamaha akigusa Honda kwa mazoea anaunguza fyuzi asubuhi asubuhi.

#12 BodaPasiansi
Nimekuelewa fundi. Nilikuwa naongelea yangu.

#13 Kizibo
Mleta mada kauliza nyumba, tumeshafika gereji. Uzi wa Kiswahili haujawahi kukosa boda.

#14 MkaziBuswelu
Nimerudi. Jirani ana maltimita, tumepima hivi:
nyekundu na nyeusi: 228
nyekundu na kijani: 109
nyeusi na kijani: 116
Hapo ndipo nimechanganyikiwa zaidi. Kumbe zote zina moto nusu nusu?

#15 MstaafuCapripoint
Hapana, hakuna moto nusu. Ukiona kijani iko katikati ya zote mbili namna hiyo, ujue kijani yako haijafika ardhini. Inaelea. Inapakana na nyaya nyingine mbili ndani ya paipu, inanusa kwa huyu kidogo na kwa yule kidogo, ndipo maltimita ya dijitali inasoma kama nusu. Kwa hiyo vipimo vyote ulivyochukua kwa kutumia kijani havikuambii nani ni fezi. Fuata waya wa kijani toka kwenye bodi ya breka hadi nje, uone kama kuna nondo ya ardhi.

#16 Ng'wanaMabatini
Nondo ya ardhi! Sisi tunaokaa juu ya mawe hiyo habari tunaisikia redioni. Kwangu fundi aligonga nondo, ikaingia shibiri, ikakutana na jabali, ikapinda. Akaikata kwa msumeno, akafukia kipande, akamwaga zege juu. Kwa macho imekaa vizuri sana.

#17 FundiWaIgoma
#16 umesema ukweli ambao mafundi wa Mwanza hawapendi kuusema. Nusu ya nyumba za mlimani waya wa kijani ni pambo. Nondo ya kawaida ina urefu wa mita 1.2 na inatakiwa izame yote. Kwenye jabali unatafuta mfuko wa udongo bondeni mwa kiwanja, hata ukivuta waya mbali kidogo, au unachimba mtaro na kulaza utepe wa shaba, au unafunga nondo mbili tatu zikiwa zimeachana.

Na usiache breka ya uvujaji, inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30. Piga hesabu: volti 50, kikomo cha usalama wa kugusa, gawa kwa ampia 0.03 unapata ohm 1,667. Maana yake hata ardhi mbovu kiasi inaweza kuiangusha ile breka kabla hujaumia. Breka ya kawaida haikuoni kabisa ukiwa na ardhi ya mawe. Ila msije mkasema fundi karuhusu ardhi mbovu, ikizidi ohm 200 hatuiamini.

#18 SatoWaKukaanga
Si unamwaga chumvi na mkaa tu pale kwenye nondo?

#19 MstaafuCapripoint
Chumvi inasaidia kwa muda, mvua ikinyesha inaondoka nayo, na chuma kinaliwa. Tumeshafukua nondo nyembamba kama njiti.

#20 Bi_Kitangiri
Habari zenu. Mimi si fundi, ila nimesoma uzi wote. Kama kijani haiaminiki, ile testa ya bisibisi inaaminika vipi?

#21 FundiWaIgoma
Swali zuri dada. Testa inatumia mwili wako kama njia ya kwenda ardhini, haitegemei kijani. Ndiyo maana ilimwonyesha nyeusi. Lakini ina uongo wake: waya ulioachwa wazi ukilala sambamba na wenye moto, testa inaweza kuwaka kwa mbali, kamwanga hafifu. Na ukiwa umesimama juu ya mbao kavu na kandambili, inaweza isiwake hata kwenye fezi ya kweli. Mleta mada alikuwa juu ya mbao. Zile nyekundu kuwa kimya hakunihakikishii kitu.

#22 Ng'wanaMabatini
Tumia holda na balbu ya nyuzi ya wati 60. Umeme wa kunusa hauwezi kuwasha balbu, unazimika hapohapo.

#23 FundiWaIgoma
Kati ya nyaya mbili sawa. Kati ya waya na ardhi hapana. Kama nyumba ina breka ya uvujaji itaanguka, na kama kijani inaelea unaitia moto kijani yote, friji, pasi, kila kitu chenye bodi ya chuma. Afadhali apigilie kipande cha nondo kwenye udongo mbichi karibu na simtanki, avute waya mrefu kutoka pale, apime kwa maltimita. Hiyo ndiyo ardhi ya kupimia.

#24 MzalendoHalisi
Hivi mnajua kazi ya kusuka nyaya za nyumba inatakiwa kufanywa na mwenye leseni ya EWURA? Mnamfundisha mtu kujiua kwenye mtandao.

#25 Kizibo
#24 leseni tunaijua. Na vishoka tunaowalipa tukidhani wanayo tunawajua pia. Mtu akielewa nyumba yake anajua hata fundi anadanganya wapi.

#26 MstaafuCapripoint
#24 yuko sahihi kwa jambo moja: kuunga kwenye bodi kufanywe na mwenye leseni, na apime kabla ya kuwasha. Lakini kulaza paipu, kuvuta nyaya, na kuziwekea alama, mwenye nyumba makini hufanya vizuri kuliko kibarua wa fundi.

#27 MkaziBuswelu
Nashukuru sana. Ya #23 tumefanya. Nyeusi na nondo: 226. Nyekundu na nondo: 3. Kwa hiyo ndani ya boksi nyeusi ndiyo fezi, hakuna ubishi. Ila tumekwenda kwenye bodi ya breka, na pale nyekundu ndiyo imeingia kwenye breka, na ndiyo yenye moto. Nyekundu kwenye bodi, nyeusi darini, kebo ni ileile!

#28 FundiWaIgoma
Basi si ileile. Kuna maungio mengine katikati, yamefichwa, na hapo ndipo waligeuza. Tafuta boksi lililopigwa plasta.

#29 MashineKisesa
Au waliokuja kufunga mita upya waligeuza nje, mtu wa ndani akaona taa hazina tatizo ila testa inasema kinyume, akarekebisha kwenye bodi tu, matawi mengine akayaacha. Nimeona hiyo kwa shemeji yangu Nyamhongolo.

#30 Ng'wanaMabatini
#29 haiwezekani. Angegeuza kwenye bodi, matawi yote yangegeuka pamoja.

#31 MashineKisesa
Kama tawi la korido halipiti kwenye bodi je? Nyumba ngapi zina tawi lililochomolewa moja kwa moja kwenye mein swichi? Ile bluu inatoka wapi?

#32 SatoWaKukaanga
Roli iliisha. Mtarudi kwangu.

#33 Bi_Kitangiri
Turudi kwenye swali lake la alama maana na mimi linanihusu. Nyumba yangu ina breka kumi, juu imebandikwa karatasi moja tu: "JIKO". Na yenyewe ukiishusha inazima choo.

#34 GerejiNyegezi
Tepu ya karatasi usitumie darini. Chini ya bati pale mchana gundi inakauka, karatasi inadondoka, unabaki na vikaratasi sakafuni vimeandikwa "soketi sebule". Na wino wa maka peni kwenye plastiki ya waya unafifia hadi unaona kivuli tu. Penseli inadumu kuliko wino: andika kwenye karatasi, zungusha kwenye waya, juu yake pitisha mrija wa plastiki unaoonyesha ndani ule wa kusinyaa kwa moto. Kibiriti cha gesi kinatosha, ila pitisha haraka usiunguze waya. Na mrija uuvishe kabla hujafunga waya kwenye skrubu.

#35 FundiWaIgoma
Mimi sitegemei maandishi. Nahesabu pete za tepu. Pete moja taa, mbili soketi, tatu jiko au hita ya maji. Nafunga ncha zote mbili, bodini na kwenye boksi, kiasi cha vidole vinne kutoka ncha, maana ukiiweka ncha kabisa unaikata ukimenya waya. Atakayekuja hata kama hajui kusoma atajua. Tepu zangu ni za rangi ya waya: nyeusi inayobeba fezi inavaa kahawia. Ila sheria moja haina mjadala: kijani na njano hairuhusiwi kubadilishiwa kazi kwa tepu, hata ukiishiwa nyaya zote. Ni ya ardhi tu.

#36 Bi_Kitangiri
Mimi niliweka nukta za rangi ya kucha kwenye nyaya za spika na king'amuzi. Nyekundu, waridi, dhahabu. Haijafutika hadi leo.

#37 Kizibo
Bodi ya breka imekwenda saluni 😂

#38 GerejiNyegezi
Mnacheka lakini rangi ya kucha kwa nyaya ndogo inafaa. Weka nukta nyembamba tu, usipake tabaka, maana dawa yake inalainisha plastiki kabla haijakauka. Na wapo watu macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani, wengine hawajui hata kama wako hivyo. Ndiyo faida ya waya wa ardhi kuwa na mstari: asiyeona rangi anaona mstari.

#39 MvuviWaGiza
Habari za usiku wakuu. Sisi wa dagaa huku Ukerewe hatuna habari na rangi. Tunafanya kazi giza totoro, mwezi ukiwa mkubwa tunapumzika. Zamani ilikuwa karabai, sasa ni taa za LED na betri. Usiku rangi zote nyeusi, na tochi ukiwasha unatawanya dagaa uliowakusanya. Chanya tunaipiga fundo karibu na kibanio cha betri, hasi haina fundo. Unapapasa, unajua. Ukigeuza, taa haiwaki, au inakufa kabisa na mwenye mtumbwi anakukata kwenye mgao. Nyaya zenyewe ni zozote, kuna mtumbwi chanya yake ni ya bluu na hasi nyekundu, na wanavua.

#40 MstaafuCapripoint
#39, hilo fundo ni zuri, ila liwe legevu, fundo la kubana linavunja nyuzi za shaba ndani. Na umenikumbusha: mwenye sola na inveta awe macho. Upande wa betri nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi. Upande wa pili wa sanduku lilelile kahawia ni fezi, bluu ni nyutro. Akiwa na wayaringi ya zamani ana nyekundu na nyeusi pande zote mbili, moja volti 12, nyingine 230. Hapo pete za #35 hazitoshi, tenganisha paipu kabisa.

#41 MkaziBuswelu
Haya, nimeamua hivi: vyumba vya uani nawekea kahawia na bluu na kijani-njano, kutoka kwenye breka yake mwenyewe bodini, simgusi boksi la korido. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi. Pete kama #35, penseli na mrija kama #34. Fundi mwenye leseni anakuja Jumamosi kuunga na kushughulikia nondo. Ramani naibandika ndani ya mlango wa bodi, na picha naiweka kwenye simu.

#42 Bi_Kitangiri
Kwenye ramani usiandike "chumba cha Neema". Neema ataolewa. Andika "chumba cha kona, upande wa simtanki".

#43 FundiWaIgoma
Vizuri mkuu. Ila boksi la korido usiliache hivyo. Ile bluu umeijua?

#44 MkaziBuswelu
Bado. Imeingia ukutani kuelekea chooni, na chooni hakuna kitu cha bluu. Kwa testa iko kimya, kwa nondo inasoma 41.

#45 MashineKisesa
Arobaini na moja ni kunusa tu. Waya mfu.

#46 Ng'wanaMabatini
Au nyutro iliyolegea mahali fulani. Waya mfu mwache hivyohivyo uone.

#47 SatoWaKukaanga
Hita ya maji ya mwenye nyumba wa kwanza. Aliondoka nayo.

#48 MgeniUsagara
Samahani kuingilia. Nina feni ya dari, ina nyaya nne: nyeusi, nyeupe, kijani na bluu. Nyeusi ni fezi au nyutro?

#49 Kizibo
Feni hiyo imetengenezwa wapi? Na fungua uzi wako, #7 asije akaanza upya.

#50 MgeniUsagara
Sanduku lake lilishatupwa. Bluu nahisi ni ya taa.